Bei ya Chungu Ipangwe Kabla ya Kufika Sabasaba

Mume na mke wanaofinyanga pamoja wanaweza kuelewana vizuri kuanzia machimbo ya udongo hadi kwenye tanuri, kisha wakatofautiana mbele ya mteja wa kwanza kwa sababu mmoja ametaja shilingi 20,000 na mwenzake, kwa huruma au kwa uchovu, amekubali 12,000. Mimi na mume wangu tumeuza vyungu katika maonesho kwa miaka kadhaa, na jambo ninalolisisitiza kwa wenzi wanaotaka kuanza ni kwamba bei ipangwe nyumbani, kwa kalamu na daftari, kabla chombo hata kimoja hakijafungwa kwa safari.

Hesabu hii huwashinda wengi kwa sababu huanza na vyombo vilivyoingia motoni badala ya vilivyotoka vizima. Tuseme mmechoma vyungu 40, vikapasuka 6, na mmetumia jumla ya shilingi 340,000 kwa udongo, kuni, usafiri na ada ya banda. Mkigawa kwa 40 mtapata 8,500, lakini vile 6 havitauzwa, kwa hiyo kila kimoja kati ya 34 vilivyobaki kimewagharimu shilingi 10,000, nanyi bado hamjajilipa hata senti kwa kazi ya mikono yenu. Hasara hiyo hupungua kwa subira. Chombo chenye unyevu ndani hupasuka kwa sababu maji hugeuka mvuke na kukosa pa kutokea, ndiyo maana sisi huvianika vyungu kivulini hadi vikauke kabisa, kisha tukavipasha taratibu kwa moto mdogo kabla ya kuukoleza. Vilivyopasuka huvitwanga tukachanganya unga wake katika udongo mpya, nao hupunguza kusinyaa na nyufa.

Kalenda nayo ina ukatili wake. Maonesho ya Sabasaba katika viwanja vya Barabara ya Kilwa, Dar es Salaam, huanza mwishoni mwa Juni, ilhali masika huanza Machi na kuendelea hadi Mei, wakati ambapo udongo haukauki na kuni zimelowa. Anayesubiri mvua ikatike ndipo aanze kufinyanga atafika sokoni na meza nusu tupu, kwa hiyo sehemu kubwa ya mzigo iwe imeshachomwa Januari na Februari. Kwa Nanenane, mwezi wa Agosti, mambo ni mepesi zaidi.

Mkishafika bandani, gawaneni kazi na msiingiliane. Mimi hukaa na bonge la udongo na kufinyanga mbele ya watu, jambo linalovuta wapita njia kuliko bango lolote, na mume wangu ndiye anayejibu habari za bei. Mgawanyo huo una faida ambayo hatukuitazamia: mteja akiniambia, “Mama, nipunguzie kidogo,” mimi humwonyesha mikono yangu iliyojaa matope na kumwambia amuulize baba watoto, ambaye anajua kiwango cha mwisho tulichokubaliana na hashuki chini yake. Malipo yote ya simu yaingie katika lipa namba moja ya biashara, isiyochanganyika na fedha za nyumbani za yeyote kati yenu, kwa maana bila hivyo hamtajua kama chungu kimewalipa au kimewala.

Bei isiyoshuka inahitaji maelezo, na hapa ndipo wauzaji wengi hunyamaza. Mwelezeni mteja kwamba mtungi hupoza maji kwa sababu maji kidogo hupenya kwenye vitundu vya udongo na kukauka kwa nje, yakiondoka na joto, hivyo unyevunyevu anaouona ubavuni si kasoro. Anayenunua chungu cha kupikia aambiwe akichemshie uji mwepesi kwanza, kwa moto mdogo, ili wanga uzibe vitundu hivyo, na asikimwagie maji baridi kikiwa cha moto. Mwacheni pia akigonge kwa kidole: kizima hutoa mlio unaosikika wazi, na chenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Mnunuzi aliyejaribu hivyo mwenyewe habishani sana.

Kuhusu kufungasha, tumieni maranda ya mbao au majani makavu, na msipachike chungu ndani ya kingine bila kitu katikati.

Siku ya mwisho mtashawishika kuuza kwa bei ya kutupa ili msirudi na mzigo. Sisi hatufanyi hivyo, kwa kuwa aliyenunua jana kwa bei kamili huenda akapita leo na kuona. Afadhali mchukue namba za simu za wenye hoteli na bustani wanaotaka vyungu vingi vya maua, mkubaliane ukubwa kwa kuupima kwa futi wala si kwa kukadiria kwa mikono, kisha mpokee nusu ya malipo kabla ya kukanda udongo wa oda hiyo.