Parachichi zinaoza chini ya mti, mtoto anakunywa uji mweupe

Kamwene ndugu zangu. Wiki hii dada mmoja wa Makambako ameniandikia. Mwanawe ana mwaka na miezi miwili, anashindia uji mweupe, jioni ugali na mchuzi wa maharage, na kliniki wamemwambia uzito haupandi. Kwao wanafuga kuku, parachichi zinaoza chini ya mti. Anauliza aagize unga gani wa lishe kutoka mjini.

Dada yangu, usiagize kitu.

Mimi nimelea hapa Mafinga. Mwanangu wa pili alipotimiza miezi sita nilianza kumpa yai, na nilisemwa sana. Mama mkwe, ninayemheshimu mpaka leo, alisema mayai ni ya kuuza. Jirani akasema namdekeza, atakuja kukataa ugali. Siku moja wakanicheka mbele ya wageni. Iliniuma, na bado inaniuma. Lakini sikuacha. Yai nalichemsha mpaka linakomaa, naliponda na kiazi na parachichi. Majani ya maboga nayakatakata laini kabisa. Dagaa nazichambua, nazikaanga bila mafuta, nazisaga mwenyewe. Uji naupika mzito, usiochuruzika kwenye kijiko, natia maziwa au karanga za kusaga. (Karanga zenye ukungu tupa: zinaweza kuwa na sumukuvu, na moto wa jikoni hauimalizi.) Kadi yake ya kliniki haikutoka kwenye kijani, rangi ya uzito mzuri, hata mara moja. Leo yuko darasa la kwanza, na jirani yule yule amekuja kuniuliza mjukuu wake ampikieje.

Jamani, utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 umetutaja sisi. Watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa: Iringa asilimia 56.9, Njombe 50.4, Rukwa 49.8. Nchi nzima ni 30. Sisi tunaolisha miji ya watu! Mayai tunauza, maziwa tunauza, maharage tunauza, mtoto tunamwachia wanga. Mama anashinda kwenye majani ya chai, mdogo analishwa na dada yake wa miaka saba, uji umepoa kwenye chupa. Na nyinyi akina baba, hela ya ulanzi inapatikana kila jioni, yai moja la mtoto linawashinda vipi?

Tumbo la mtoto ni dogo, uji mwepesi unalijaza maji tu. Wa umri wa mwanao, dada, ale mara tatu au nne kwa siku, na katikati apate tunda, huku akiendelea kunyonya mpaka miaka miwili. Chai usimpe na chakula, inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini.

Dada wa Makambako, anza na yai kesho asubuhi. Na kliniki usiache kwenda: waambie wamwangalie minyoo, na kama anaharisha mara kwa mara waeleze, maana mtoto wa hivyo hata umpe nini, uzito haushiki.