Parkinson: niliyoyaona kwa baba, na walichokikuta watafiti ndani ya seli

Dada umesema mama anatetemeka mkono wa kulia, dawa mwanzoni ilimkubali ila sasa inakata kabla ya saa yake, na ndugu washaanza maneno ya kurogwa. Pole sana. Mimi nimemuuguza baba miaka tisa na ugonjwa huu wa Parkinson mpaka alipotutoka, acha nikujibu kwa kirefu.

Kwa baba ulianza na saini. Alienda benki kufuata pensheni wakamrudisha, eti saini haifanani. Tukamuwekea karatasi mezani, baba andika tuone, herufi ya kwanza imetoka vizuri tu, zinazofuata zinapungua zinapungua mpaka ya mwisho imekuwa kama sisimizi. Hospitali ya kwanza wakasema uzee, ya pili wakatupa dawa za viungo, miaka miwili imekatika hivo hivo ndo tukampata daktari wa neva, akamwambia gonganisha kidole gumba na cha shahada harakaharaka, akamtembeza koridoni akaona mkono mmoja hauchezi, palepale akaujua. Na hatuko peke yetu, wilaya ya Hai kule Kilimanjaro watafiti walizunguka kuwatafuta wagonjwa wa Parkinson, na wengi waliowakuta hakuna aliyewahi kuwaambia wanaumwa nini.

Sasa hayo ya kurogwa. Kilichonituliza mimi ni habari ya daktari William Langston wa California. Mwaka 1982 alikutana na watu ambao hawajazeeka wameganda kabisa, hawasemi hawasogei, wako kama mzee mwenye Parkinson ya miaka mingi wakati wao imewapata ndani ya siku chache. Kufuatilia, wote wamejidunga heroini ya kutengenezwa kienyeji na ndani yake kuna sumu inaitwa MPTP. Ile sumu ikifika kwenye ubongo inageuzwa, af seli zinazotengeneza dopamini zinaivuta zenyewe ndani kana kwamba ni dopamini, ikishaingia inabana mitokondria, yani yale majiko madogo yanayoipa seli nguvu. Jiko likizimika seli inakufa, na dopamini ndo inayofanya mwili utii ukitaka kusogea. Nilisoma habari hiyo usiku baba kalala pembeni, nikalia, maana kumbe kuna kitu kinashikika, kina jina.

Mama yako hajawahi kuiona sumu hiyo, najua, wagonjwa karibu wote hawajaiona. Ila ilionyesha pa kutazama. Mwaka 1998 Wajapani wakapata jeni ya parkin kwenye familia ambazo ugonjwa unawashika wakiwa bado vijana, na 2008 maabara ya Richard Youle kule Marekani ikaonyesha parkin inafanya nini: inayafuata majiko mabovu ili seli iyaondoe, kama unavyochambua mchele unatoa mawe. Parkin ikiharibika, mabovu yanabaki humohumo. Kwa wengi pia kuna protini ya alfa-sinukleini inayogandamana mabonge ndani ya seli, na hapo watafiti bado wanapambana kujua kipi kinaanza na kipi kinafuata.

Kuhusu dawa kukata, usidhani mmeuziwa feki. Levodopa, ndo dawa yenyewe wanayopewa wagonjwa wa Parkinson, inageuzwa kuwa dopamini kwenye ubongo, na mwanzoni seli zilizobaki zinaweka akiba zinatoa kidogokidogo. Zikizidi kupungua akiba hakuna, kidonge kikiisha kwenye damu na mama anakwama. Usimuongezee mwenyewe, mwambie daktari saa kamili anayokwama, tulivyopeleka daftari la saa baba alipangiwa upya na akaanza tena kujifunga vifungo vya shati. Na maharage! Protini ya chakula inagombania njia moja na levodopa, tumboni na kwenye kuingia ubongoni, sisi tulikuwa tunampa kidonge na sahani ya maharage kila mchana halafu tunashangaa jioni hasogei. Mpe kidonge nusu saa kabla ya kula kama hapati kichefuchefu. Kuna watakaokuletea mbegu za upupu, ni kweli zina levodopa ndani yake ila huwezi kujua umempa kiasi gani juu ya vidonge, usichanganye bila daktari kujua.

Akiganda mlangoni msimvute mkono, ataanguka. Sisi tulibandika utepe mweupe sakafuni pale kizingitini, tunamwambia baba ruka mstari, na mguu unanyanyuka.