Osiloskopu ya mtumba: "Inawaka vizuri"

SWALI: Natengeneza amplifaya ndogo kama burudani, na mfuko wangu ni mwembamba. Nimepata osiloskopu (kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme kwenye kioo) kuukuu ya analogi, megahezi 20, chaneli mbili. Muuzaji anasema "inawaka vizuri". Niichukue?

JIBU: Hata yangu ya kwanza iliwaka vizuri, ndugu yangu. Baada ya dakika 20 mstari ukaanza kupanda wenyewe, taratibu, hadi ukapotelea juu ya kioo. Basi iache iwake nusu saa huku mkipiga soga. Kisha gusisha probu, ule waya wake wa kupimia, kwenye kile kipini cha kujipimia pale mbele. Kwa kawaida hutoa mawimbi ya mraba, mara nyingi ya kilohezi 1. Jaribu kila swichi, chaneli zote mbili. Wimbi likirukaruka unapozungusha swichi, mara nyingi ni uchafu tu: sababu nzuri ya kuomba punguzo. Mstari ukibaki hafifu hata mwanga ukiwa mwisho, huenda bomba la kioo limechoka. Achana nayo.

Megahezi 20 zinakutosha sana; sikio lenyewe huishia kama kilohezi 20, sehemu ya elfu moja tu ya hapo. Ila uliza kama inakuja na probu. Na usifungue kifuniko: ndani kuna maelfu ya volti, na chaji hubaki hata ukichomoa waya.