Kasuku yuko juu ya mkaratusi, ananisikia ila hashuki

SWALI: Dokta shikamoo. Niko Iyunga hapa Mbeya. Jana mchana kasuku wetu wa kijivu anaitwa Chiku katoroka, dada alikuwa anamwaga maji ya kudekia mlango wa nyuma uko wazi, mara geti likabamizwa na upepo, huyoo akaruka. Mabawa yake yalikatwa mwaka jana na aliyeyakata alituhakikishia huyu haruki tena. Sasa yuko juu kabisa kwenye mikaratusi nyuma ya kwa jirani, tunamsikia anamwita mwanangu kwa jina, na mimi nikimwita ananiitikia lakini hashuki. Mume wangu katafuta kijana apande na kamba, jirani naye anasema tumpige maji ya mpira alowe adondoke. Na baridi ya Julai huku unaijua. Ameruka vipi na mabawa yamekatwa, na kwa nini hashuki wakati ananisikia? Ndaga fijo.

JIBU: Marahaba mama Chiku, nakuita hivyo maana jina la kasuku umeliandika la kwako hukuandika. Kabla hujasoma chochote hapa chini, huyo kijana wa kamba mwambie apumzike kwanza na mpira wa maji urudi stoo, sababu ntakwambia.

Tuanze na mabawa maana hapo ndo watu wengi wanaliwa. Unyoya ukishakatwa haurefuki kama kucha, unabaki kigutu hivyohivyo mpaka siku yake ya kupuputika ifike, ukidondoka unaota mwingine mzima mrefu kama wa mwanzo, na kasuku hapuputishi yote kwa mpigo, ni mmoja leo mwingine wiki zijazo, kwa hiyo ndani ya mwaka hivi bawa linakuwa limejirudisha kimyakimya na nyie mnaendelea kuamini haruki kwa sababu ndani ya nyumba hana sababu ya kuruka. Kasuku wa kijivu mkubwa ana gramu 400 mpaka 500 tu, nusu kilo ya sukari haifiki, akipata manyoya marefu manne matano mapya kila upande na hofu kidogo na upepo wa kumbeba, anaenda. Aliyekwambia haruki tena hakukudanganya makusudi pengine, ila alitakiwa akwambie urudi kumwangalia kila baada ya miezi michache.

Sasa hili la kutoshuka ndo la msingi. Chiku hajagoma, wala hajakuchoka, na sio kwamba kapata uhuru kanogewa kama wanavyosema. Hajui kushuka. Fikiria maisha yake yote kakulia chumbani, dari liko mita tatu, akiruka anatoka kwenye tundu anatua kwenye kochi, anatoka kochi anatua begani kwako, yaani anaenda mbele tu. Kupanda juu hakuhitaji kufundishwa, akishtuka anapiga mabawa kwa nguvu anajikuta huko. Lakini kutoka kwenye mkaratusi wa mita 20 na ushee kuja chini karibu wima, apunguze kasi, akwepe matawi, atue, hiyo ni kazi ambayo kifaranga wa porini anajifunza kwa kuwafuata wazazi wake wiki kwa wiki, huyu wako hajawahi hata mara moja. Kwa hiyo unavyosimama chini ya shina unamwita "Chiku njoo, Chiku njoo", anakutazama anatamani kweli, anainama, anafungua mabawa kidogo, anaona shimo. Anarudi kukaa.

Ndo maana nakwambia toka chini ya mti. Rudi nyuma mita 40, 50, hata zaidi kama uwanja upo, ili njia ya kuja kwako iwe mteremko mrefu wa taratibu na sio kisima. Na usisimame ardhini kama kuna namna nyingine. Angalia kuna nini kati ya juu yake na wewe, kuna mparachichi, kuna paa la banda, kuna ukuta, kuna ghorofa ya mtu mwenye roho nzuri, hizo ndo ngazi zake. Tundu lake lipande juu ya paa la banda au juu ya tenki la maji, mlango wazi umefungwa na waya usijibamize, ndani weka alizeti na kipande cha hindi bichi na kile kikombe chake anachokijua, na wewe ukae karibu na tundu mahali anapokuona. Akihama kutoka mkaratusi kwenda mti mfupi zaidi hata kama kaenda upande usioutaka, usimkimbilie, hapo kashuka ngazi moja, kaa umsifie kwa sauti ileile ya nyumbani.

Sauti ni ya nyumbani kweli, sio ya msiba. Watu wakipotelewa wanaita kwa kilio na mtaa mzima unasaidia kuita, kasuku anasikia sauti 15 asizozijua anajikunyata ananyamaza. Muwe wawili tu, wewe na huyo mwanao anayemwita. Fanyeni vitu vya kila siku pale nje, kula karanga mbele yake mkicheka, koroga chai kijiko kigonge kikombe, piga ule mlio wa simu anaopenda kuuiga. Ita, halafu nyamaza dakika tano usikilize. Hiyo dakika tano watu wanashindwa kabisa. Na akikaa kimya muda mrefu usiseme kaondoka, mara nyingi ni mwewe au kipanga kapita juu, kasuku akimwona anaganda kama jani. Ukitaka kujua yuko mti gani angalia ndege wadogo wanampigia nani kelele, shore na wenzake hawampendi mgeni, wanamzunguka wakimtukana, na ukisimama chini kwa mbali tafuta ule mkia mwekundu, mwili wa kijivu kwenye magome ya mkaratusi hauonekani.

Muda nao sio wowote. Kuanzia saa nne mpaka saa tisa mchana anasinzia, utaita mpaka koo likauke. Nyakati zake ni mbili, alfajiri mpaka saa mbili asubuhi na jioni kuanzia saa kumi na moja. Julai huku kwetu jua linatoka kama saa moja kamili hivi, kwa hiyo saa 12 asubuhi uwe umeshafika pale na koti lako na thermos, bado giza, kwa sababu kukipambazuka tu ataita na atakuwa na njaa ya kweli. Siku ya kwanza hofu inakula njaa, hajisikii kula kabisa, siku ya pili njaa inaanza kushinda hofu, na hapo ndo wengi wanashuka. Jioni giza likiingia hajashuka, basi, weka alama mti ule kwenye akili yako, angalia mpaka umwone kajikunja tawi gani, mwende mkalale. Msimulike tochi. Gizani kasuku haoni vizuri, mkimshtua anaruka kipofukipofu na asubuhi hamjui mnaanzia wapi.

Kuhusu kupanda mti nakwambia kwa aibu yangu mwenyewe. Miaka ya mwanzo wa kazi niliitwa Gangilonga pale Iringa, kasuku kama huyu wako, kakaa kwenye mti mrefu siku nzima katulia, mwenye nyumba ananiangalia mimi ndo mtaalamu, nikaona nikikaa tu na alizeti mkononi nitaonekana sijui kazi. Nikakubali kijana apande. Kijana alikuwa hodari kwelikweli, kafika tawi la chini yake kama mita mbili, anamnyooshea mkono, na mimi niko chini na darubini namwona yule ndege manyoya yote yamelala mwilini kabana, kawa mwembamba kama mahindi yaliyomenywa, macho ile nyeusi ya katikati inakuwa ndogo inakuwa kubwa, nikajua nimeharibu kabla hata hajaruka. Kwa ndege kitu kinachopanda kutoka chini kuja kwake ni nyoka au mnyama anayekuja kumla, haijalishi kina mkono wenye karanga. Akaruka, upepo wa Iringa mnaujua ulivyo kipindi hicho, ukamchukua upande wa Kihesa. Siku nne. Alikuja kupatikana kwenye kamba ya nguo kwa mama mmoja, anasema "nani huyo, nani huyo", yule mama alishaitikia mara mbili akadhani ni mgeni mlangoni. Tangu hapo sipandishi mtu, labda ndege kanasa mguu kwenye uzi wa tiara. Na kama mti umegusana na nyaya za umeme hata huo wa kunasa usipande, piga simu kwa wenye umeme wao.

Maji ya mpira nayo sababu ni hiyohiyo na nyingine. Akilowa nusu anaruka kwa hofu aende mbali, akilowa kabisa anadondoka kutoka mita 20, na akibaki juu na maji mwilini usiku wa Julai ndo umemuua. Baridi yenyewe kavu isikutishe sana, Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari na alfajiri inashuka chini ya nyuzi 10, lakini kasuku mzima aliyekuwa anakula vizuri nyumbani anajivimbisha manyoya kama mpira na usiku mmoja, miwili, anavuka. Porini kwao ni misitu ya mvua ya Afrika ya Kati na Magharibi, kwa hiyo sisemi akae wiki, ila usilie leo.

Na yule atakayekwambia muache akajiunge na wenzake, mwambie hana wenzake hapa. Wale kasuku wadogo wa kijani wenye shingo ya njano wanaoonekana upande wa Ruaha ni jamii nyingine kabisa, wadogo mno, na Chiku hajui hata kutafuta chakula.

Cha kuogopa zaidi ni watoto wenye manati. Leo hii kabla ya jioni pita kwa mwenyekiti wa mtaa, pita kijiwe cha bodaboda maana wale wanaona kila kitu, pita shule ya karibu uongee na mwalimu. Sema kuna zawadi kwa atakayekuonyesha alipo, sio kwa atakayemkamata, ukisema kumkamata umeanzisha vita. Picha kwenye magrupu ya WhatsApp weka, ila kitu kimoja cha mwilini mwake kifiche, namba ya pete ya mguuni au kidole chenye kasoro, kwa sababu atapiga mtu aseme ninaye niko Tunduma tuma nauli kwenye namba hii, muulize hicho kidole. Na vibali vyake viwe karibu, kufuga ndege wa aina hii kunahitaji ruhusa ya mamlaka za wanyamapori, na tangu Januari 2017 kasuku wa kijivu yuko kwenye Kiambatisho cha Kwanza, ile orodha yenye masharti makali zaidi, cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, kwa hiyo mtu akimpeleka ofisini kwa nia njema utatakiwa uonyeshe ni wako.

Akishuka, na nategemea atashuka, usimrukie. Mwache aingie kwenye tundu ale kidogo ndo ufunge mlango polepole. Akitua begani tembea naye taratibu mpaka ndani ukiongea, usimbane kwa mikono ukiwa bado nje, hapo ndo watu wanampoteza mara ya pili. Watu wataleta parachichi maana huku ndo tunda la kila nyumba, usimpe hata kijiko, lina sumu inaitwa persini, sisi haitudhuru lakini ndege inamwaribia moyo. Na usimweke jikoni karibu na jiko la mkaa apate joto, mapafu ya ndege hayavumilii ule moshi wala ile hewa ya mkaa isiyo na harufu, weka chupa ya maji ya moto umeizungushia taulo pembeni ya tundu, inatosha. Kama una kuku au ndege wengine mtenge mwezi mmoja, hujui kanywa maji ya banda la nani, na mdondo, ule ugonjwa unaomaliza kuku, haubishi hodi.

Usiku huu pandisha tundu juu ya paa la banda wakati kuna giza ili asubuhi alikute lipo tayari, akikuona unalipandisha atalishangaa. Kesho akiwa ndani nipigie kinyesi chake picha unitumie, kikiwa kijani kibichi majimaji matupu usisubiri mchana, mlete.