Imeli ikichelewa kutoka ofisini, shika saa kabla ya kushika rauta

Ukiingia ofisi yoyote kama kijana wa TEHAMA, wiki ya kwanza haiishi hujaitwa kwa mambo mawili: printa imegoma, na imeli haziendi. La printa utalizoea. La imeli ndilo linaloaibisha wengi, mimi nikiwa wa kwanza, maana anayesema "haziendi" anaweza kuwa anazungumzia matatizo manne au matano yasiyojuana.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa kwenye ofisi ya mawakala wa forodha, Dar es Salaam. Mama mhasibu akanipigia: "Mwanangu, imeli zinasuasua, hebu panda." Nikapanda. Nikazima rauta, nikawasha. Nikabadilisha waya. Nikampigia mtoa huduma wa intaneti, nikamfokea. Mchana ule ghorofa nzima ilikosa mtandao mara tatu kwa mkono wangu, na imeli zikaendelea kusuasua vilevile. Jioni mama akasema, macho yake kwenye kompyuta: "Lakini mbona hata nikiandika 'asante' tu inakawia sawasawa na nikituma faili la mishahara?"

Jibu alikuwa nalo yeye tangu asubuhi, na mimi sikuwa nimemuuliza chochote.

Nikatoa simu, nikawasha saa ya kuhesabu sekunde. Imeli ya neno moja: sekunde 20 na ushee. Yenye faili la MB 2: karibu zilezile. Ya kwangu kwenda kwa mtu wa meza ya pili, isiyotoka hata nje ya jengo: zilezile. Barabara ikiwa nyembamba, mzigo mzito huchelewa kuliko mwepesi. Mwepesi na mzito vikichelewa sawasawa, jua kuna mahali mashine imeuliza swali na inangoja jibu lisilokuja.

Seva ya imeli, yaani kompyuta inayozipokea na kuzisafirisha, ilikuwa palepale ofisini, ya mfumo wa Linux. Ukijiunganisha nayo, inataka kujua wewe ni nani: inauliza DNS, kitabu cha majina na anwani za mtandao, jina la kompyuta yako, inauliza kama anwani yako imo kwenye orodha za watuma taka, na mengineyo. Ofisi ilikuwa imehama mtoa huduma miezi michache nyuma, lakini kwenye mipangilio ya seva, anwani ya kwanza ya DNS ilibaki ya yule wa zamani, ambaye hakuwa akitujibu tena. Linux ya kawaida hungoja sekunde 5 kabla ya kujaribu anwani ya pili. Maswali manne, sekunde 5 kila moja, hizo hapo 20. Nilifuta mstari mmoja. Mama akatuma "asante", ikaondoka kabla hajanyanyua kidole.

Kwa hiyo kwenye seva, iulize kila anwani ya DNS peke yake kwa amri ya nslookup uone ipi iko kimya. Kisha piga telnet, amri ya kuongea na seva moja kwa moja, kwenye mlango (port) wake unaotumika, 25 au 587, uhesabu. Seva yenye afya inakusalimu mara moja kwa mstari unaoanza na 220. Skrini ikikaa tupu, ucheleweshaji uko hapo mlangoni, na bando la intaneti halihusiki. Ila zipo seva zinazochelewesha salamu makusudi kwa sekunde chache ili kuwanasa watuma taka wasio na subira, kwa hiyo usimlaumu mwenye seva kabla hujamuuliza.

Kuna ugonjwa mwingine unaofanana na huo kwa mbali, lakini dalili zake ni kinyume: imeli ndogo zinaruka, yenye kiambatisho inaanza vizuri halafu inaganda moja kwa moja mpaka programu inakata tamaa. Hapo angalia ukubwa wa pakiti. Mtandao wa ofisini unabeba pakiti za baiti 1500, lakini ukiunganishwa nje kwa PPPoE, njia ya kuingia kwa jina na nywila ambayo watoa huduma wengine hutumia, baiti 8 zinaliwa njiani, zinabaki 1492. Pakiti iliyojaa ikifika pale haipiti, na kawaida mtumaji huarifiwa apunguze. Kama kuna faiawoli inayozuia ujumbe wa ICMP, ambao ndio mitandao hutumia kuarifiana matatizo, taarifa hiyo haimfikii, naye anarudia kutuma kitu kilekile kisichopita. Kwenye Windows jaribu ping -f -l 1472 kwenda anwani ya nje, halafu 1464 (ongeza baiti 28 za vichwa vya pakiti, upate 1500 na 1492). Ya pili ikipita na ya kwanza ikakwama, ugonjwa umeupata. Dawa iko kwenye rauta, kubana MSS, kiasi cha data ndani ya kila pakiti, iwe 1452. Wanaoanza kazi wengi huzuia ICMP yote wakidhani ni usalama. Mimi naona ni kujifungia mlango na kuutupa ufunguo nje.

Halafu lipo linalochekesha. Dada wa mauzo analalamika imeli inazunguka dakika nzima, na huku mteja wake wa Mombasa ameshampigia kusema ameipata. Anayekawia hapo ni nakala. Programu ikimaliza kutuma, inapandisha imeli ileile mara ya pili kwenda kuihifadhi kwenye folda ya zilizotumwa. Kama mtoa huduma wa imeli anahifadhi nakala mwenyewe, zima hiyo ya programu, utakuwa umepunguza kazi nusu. Hakikisha kwanza, maana nakala zikipotea utatafutwa wewe.

Na ukiambiwa "nimetuma saa nne, imefika saa sita," usiguse mtandao wa ofisi. Fungua vichwa vya imeli iliyofika, yaani maelezo ya safari yake ambayo kwa kawaida hayaonekani, usome mistari ya Received kuanzia chini kwenda juu. Kila seva imegonga muhuri wa saa. Angalia majira: yetu ni +0300, seva ya nje pengine imeandika +0000. Nimeona kijana akiandika ripoti ya kucheleweshwa saa tatu kumbe tofauti ilikuwa hiyo tu. Kama kweli kuna pengo, mara nyingi seva ya mpokeaji imekataa kwa muda kwa msimbo unaoanza na 4, ikitaka mtumaji arudi baadaye, na yako imerudi kwa ratiba yake.

Antivairasi inayokagua imeli zinazotoka: izime dakika mbili, pima, iwashe. Mlango 25 kutoka kwenye kompyuta za watu: achana nao, watoa huduma wengi wanauzuia, tumia 587 au 465. Na kuna siku kosa si la mtu yeyote jengoni. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, nchi kadhaa za ukanda huu zilikwama, Tanzania ikiwemo. Siku kama hiyo jirani wa ghorofa ya chini naye analia. Muulize kabla hujafungua bisibisi.

Nimeacha mwisho lile utakalokutana nalo kuliko yote: mzigo ni mzito kweli. Watu hupima kasi ya intaneti na kutazama namba kubwa, ya kushusha. Imeli inapanda, kwa hiyo tazama namba ya pili. Na faili linanenepa njiani, kwa sababu kiambatisho hugeuzwa kuwa herufi na kuongezeka kama theluthi moja. PDF ya MB 18 inakuwa zaidi ya MB 24. Kwenye laini inayopandisha Mbps 2 hiyo ni dakika moja na nusu ikiwa peke yake barabarani, na saa tisa alasiri kwa mawakala wa forodha hakuna aliye peke yake.

Niliposhuka kuona hizo PDF zinatoka wapi, nilikuta skana ya korido imewekwa rangi, nukta 600 kwa inchi. Hati ya mzigo ya kurasa sita, nyeusi na nyeupe, inapigwa kama picha ya harusi. Nikaweka kijivu, nukta 200, ambapo nukta zinapungua mara tisa, nikamwonyesha karani, akasoma mpaka mhuri bila shida. Faili likashuka chini ya MB 1.

Fundi wa skana akija kuisafisha, huirudisha kwenye rangi na 600. Nilibandika karatasi pembeni yake: "Fundi, tafadhali, 200 kijivu." Alikuja, akaisafisha, akaipiga karatasi yangu kama sampuli kuonyesha mashine imepona. Kwa rangi.