Kupanga kazi kwa kufuata mzunguko wako wa hedhi: anza na daftari la miezi mitatu

Kuna mchoro unaozunguka sana kwenye makundi ya WhatsApp ya akina dada: duara la rangi nne, kila rangi na wiki yake. Wiki ya kwanza pumzika, ya pili anzisha mambo mapya, ya tatu kutana na wateja, ya nne malizia viporo. Unapendeza kuutazama, lakini usiufuate. Kwa mtu mzima, mzunguko wa siku 21 hadi 35 ni wa kawaida, na mwanamke yuleyule anaweza kupata wa siku 26 mwezi huu na wa siku 31 mwezi ujao. Tena tafiti zilizopima kumbukumbu, umakini na hesabu katika siku mbalimbali za mzunguko hazijakuta tofauti ya kutegemewa. Kwa nguvu za misuli, uchambuzi mkubwa wa tafiti za mazoezi uliotoka 2020 ulikuta upungufu mdogo mno katika siku za mwanzo za hedhi, na wachambuzi wenyewe walishauri kila mwanamke aangaliwe kivyake.

Kinachobadilika kweli kwa wengi ni maumivu, usingizi, hisia na wingi wa damu. Hivyo ndivyo vya kupangia kazi, na kila mtu ana vyake.

Nunua daftari dogo. Siku ya 1 ni siku damu inapoanza kutoka kiasi cha kuhitaji pedi. Matone ya kahawia ya jana yake hayahesabiwi. Kila jioni andika mstari mmoja: nguvu (1 hadi 5), maumivu (0 hadi 10), saa ulizolala, pedi ulizobadilisha, na kazi uliyoimaliza. Pembeni ongeza kilichoivuruga siku: mtoto aliumwa, umeme ulikatika, ulikuwa umefunga. Bila safu hiyo ya pembeni utalaumu homoni kwa makosa ya TANESCO. Mizunguko miwili ndiyo kiasi cha chini, mitatu ni bora. Daftari huharibika kwa njia mbili: kujaza wiki nzima Jumapili usiku kwa kukisia, na kuandika siku mbaya tu. Ukiandika mbaya peke yake, kila mwezi utaonekana mbaya.

Sasa hesabu. Baada ya yai kupevuka, hedhi huja kwa wengi baada ya siku kama 12 hadi 14. Zinazorefuka na kufupika zaidi ni siku za kabla ya hapo. Kwa hiyo uchovu wa kabla ya hedhi utafutwe kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka hedhi ijayo. Tuseme mizunguko yako mitatu ilikuwa siku 26, 29 na 31, na damu imeanza tarehe 3 Machi. Hedhi ijayo inatarajiwa kati ya 29 Machi na 3 Aprili. Kama daftari linaonyesha kwamba usingizi huharibika siku tatu kabla na maumivu hukaa siku mbili za mwanzo, dirisha lako, yaani siku ambazo ugumu unaweza kuangukia, ni 26 Machi hadi 4 Aprili. Hizo ni siku kumi, na hakuna mwenye kibanda anayeweza kukifunga siku kumi. Ndiyo maana hatusemi upumzike katika dirisha. Tunasema usiweke humo kazi nzito isiyohamishika kama una hiari ya tarehe. (Hesabu hii isitumike kuzuia mimba. Haifai kabisa kwa hilo.)

Chukua fundi cherehani. Kazi yake ina sehemu zisizolingana: kupima, kukata, kuunganisha, kupinda, kushona vifungo, kupiga pasi. Ya hatari ni kukata, kwa sababu mshono mbaya hufumuliwa lakini kitenge kilichokatwa vibaya hakirudi. Aliyelala kwa saa nne tu asikate gauni la harusi. Basi wiki moja kabla ya dirisha kufunguka kata oda zote za wiki mbili zijazo, kila moja ifunge kwenye mfuko wake pamoja na karatasi ya vipimo, uzi na zipu. Siku ngumu zikifika unabaki na kupinda, vifungo na kufumua, kazi za kukaa. Pasi mpe msaidizi, maana ni kusimama na joto. Na mteja akiuliza lini, mpe tarehe iliyo siku mbili au tatu baada ya unayoidhania. Ukimaliza mapema atafurahi. Ukichelewa hadi siku ya sherehe hutamwona tena.

Msusi hana cha kukata mapema, ila ana orodha ya miadi. Rasta nyembamba za kusimama kwa saa saba zipangwe nje ya dirisha, na ndani yake zibaki kuosha, twende kilioni, na mitindo ya saa mbili. Stuli ndefu isaidie mgongo. Mama ntilie afanye mapema yale yanayohifadhika: maharage yachambuliwe, nazi inunuliwe, mkaa uletwe, na kijana wa kuinua sufuria apewe siku zake kabla. Nesi na wengine wa zamu wabadilishane zamu za usiku ratiba ya mwezi inapoandikwa. Kuomba siku yenyewe asubuhi ndiko kunakoleta ugomvi.

Usingizi una sababu nyingine inayosahaulika. Baada ya yai kupevuka, joto la mwili hupanda kwa nyuzi kama 0.3 hadi 0.5 na hubaki juu hadi hedhi ikaribie. Chumba cha bati Dar es Salaam mwezi Februari hakikusamehe hata kidogo. Oga kabla ya kulala, vaa nguo moja ya pamba, na kama feni ni moja, wiki hiyo ielekee kwako.

Maumivu ya tumbo la hedhi hutokana na prostaglandini, kemikali zinazobana mji wa mimba. Dawa kama ibuprofeni huzuia zisitengenezwe, ndiyo maana muda una maana kuliko wengi wanavyofikiri: meza maumivu yanapoanza au damu inapotokea tu, usingoje hadi uinamie meza. Kiasi cha kawaida kwa mtu mzima ni miligramu 400 pamoja na chakula, kila baada ya saa 6 hadi 8, isizidi miligramu 1,200 kwa siku bila ushauri wa daktari, kwa siku mbili au tatu. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa na aspirini, au anayeweza kuwa mjamzito asiiguse kabla ya kuuliza. Chupa ya maji moto iliyofungwa kwa kanga nayo husaidia, tena haina masharti.

Lakini kama nguvu ni 2 mwezi mzima, ratiba haitakuponya. Hapo shuku upungufu wa damu. Ukibadilisha pedi iliyojaa kila saa moja au mbili, ukitokwa mabonge makubwa, au damu ikidumu zaidi ya siku saba, unapoteza nyingi. Omba kipimo cha hemoglobini. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu. Ukipewa vidonge vya madini ya chuma, choo cheusi kisikutishe, wala usiache wiki ya pili kwa sababu umepata nguvu: kwa kawaida vinaendelea kama miezi mitatu baada ya damu kurudi sawa, ili akiba ijae. Na chai ya rangi isinywewe pamoja na maharage na mchicha, kwani hupunguza chuma kinachofyonzwa. Iache zipite saa moja au mbili. Kamulia limau badala yake.

Kuna ambao ushauri wa mzunguko hauwahusu hivyo hivyo. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu huzuia yai kupevuka, na vidonge vyenye homoni mbili pia, kwa hiyo damu unayoipata si ya mzunguko. Wenye vijiti damu huja bila mpangilio. Lupu ya shaba inauacha mzunguko ulivyo, ila damu na maumivu vinaweza kuongezeka, hasa miezi ya mwanzo. Kwa wote hawa daftari bado lina faida, ila litafute siku mbaya popote zilipo.

Kwa walioajiriwa, Zambia imeweka katika sheria ya ajira ya 2019 siku moja ya mwanamke kutofika kazini kila mwezi, bila cheti cha daktari. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika kipindi cha miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na ya pili kwa nusu mshahara, kwa cheti. Kama maumivu hukulaza kila mwezi, peleka daftari kliniki, upimwe, na uombe maelezo ya maandishi. Kwa bosi usilazimike kueleza hedhi, mpe ombi lenye sura ya kazi: "Naomba tarehe 28 hadi 30 nifanye hesabu za stoo badala ya kupakua mzigo, mzigo nitaupakua tarehe 24."