Kamera ndogo ya dijitali: weka P, halafu jifunze vitufe viwili

Kuna wenye kamera ndogo za dijitali ambao gurudumu la juu hawajawahi kulizungusha. Limekaa kwenye alama ya kijani, otomatiki, tangu kamera ilipotoka kwenye boksi. Na kuna wale walioambiwa kwamba mpiga picha hasa hutumia M, yaani kuchagua kila kitu mwenyewe: wakaenda moja kwa moja kwenye M, picha za kwanza zikatoka nyeusi tii, zilizofuata nyeupe pe, wakarudi kwenye kijani na hawajatoka tena. Nimewaelekeza watu wa makundi yote mawili, na huwa nawaambia jambo lilelile: zungusha gurudumu hadi herufi P, kisha jifunze vitu viwili tu, kubonyeza nusu na kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa. A, S na M zinaweza kusubiri.

Kwenye P, kamera bado inakuchagulia tundu la lenzi, ule uwazi unaotanuka na kusinyaa kama mboni ya jicho, pamoja na kasi ya shata, yaani muda ambao mwanga unaruhusiwa kuingia. Hapo haina tofauti na otomatiki. Tofauti ni kwamba otomatiki inakufungia karibu kila kitu kingine: ukigusa ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, au rangi ya mwanga, unakuta maandishi ya menyu yamepauka na hayabonyezeki. P inakuachia hivyo vyote. Kamera nyingi pia zinakuruhusu ukiwa kwenye P kubadili uwiano wa tundu na kasi bila kubadili kiasi cha mwanga. Kama yenyewe imechagua tundu la f/4 (namba ikipungua tundu linatanuka) na kasi ya 1/250 ya sekunde, unazungusha kidogo inakuwa f/2.8 na 1/500. Picha haizidi weupe wala weusi, ila shata sasa inafunga haraka maradufu, na kwa mtoto asiyetulia hicho ndicho unachohitaji.

Kubonyeza nusu

Kitufe cha kupigia kina hatua mbili, na ajabu ni kwamba watu wanakaa na kamera miaka bila kuligundua hilo. Bonyeza taratibu mpaka kidole kihisi kizuizi kidogo, usimalizie. Hapo kamera inalenga, inapima mwanga, halafu inavifunga vyote viwili. Kisanduku kwenye kioo kinageuka kijani, na kwa kawaida unasikia mlio. Kisanduku kikibaki cha njano au kikiwa kinamulikamulika, imeshindwa kulenga, na ukiendelea kubonyeza utapata picha yenye ukungu. Ukimalizia kubonyeza wakati kisanduku ni kijani, picha inapigwa karibu papo hapo.

Faida ya kwanza ni muda. Wanaolalamika kwamba kamera ndogo inachelewa, kwamba mtu ameshacheka na kununa ndipo inapiga, mara nyingi wanabonyeza hadi chini kwa mkupuo mmoja. Sehemu kubwa ya ucheleweshaji ni muda wa kulenga. Lenga mapema, shikilia nusu, subiri tukio, kisha malizia.

Faida ya pili ni kuamua wewe kitu gani kiwe wazi. Watu wawili wamesimama, kati yao kuna nafasi, na nyuma kuna ukuta. Kamera inayolenga katikati itauchukua ukuta, na nyuso mbili zitatoka na ukungu. Dawa yake: elekeza kamera kwenye uso mmoja, bonyeza nusu, shikilia, geuza kamera urudishe mpangilio unaoutaka, malizia. Usisogee mbele wala nyuma katikati ya zoezi hilo, kwa sababu kilichofungwa ni umbali. Na kumbuka kwamba mwanga nao umefungwa pale ulipobonyeza. Ukilenga kwenye kivuli kisha ukageukia anga, anga litaungua, yaani litatoka jeupe tupu.

Kwa hiyo kwenye menyu naweka sehemu ya kulenga iwe katikati, badala ya kuiachia kamera ichague. Ikichagua yenyewe hupenda kilicho karibu au chenye mistari mikali, ambacho mara nyingi ni kiti au tawi lililojipitisha mbele. Ila kwa picha za watu, utambuzi wa nyuso huwa mzuri na sioni haja ya kuuzima.

Jambo jingine: nyingi ya kamera hizi hulenga kwa kutafuta tofauti kati ya weusi na weupe. Ukuta mtupu au shati la rangi moja halina tofauti hiyo, kwa hiyo lenzi inakwenda mbele na nyuma bila kutulia. Tafuta ukingo, kola, kifungo, kitu chochote chenye mstari kilicho umbali uleule, bonyeza nusu hapo. Gizani kamera nyingi huwasha taa ndogo ya rangi ya machungwa kujisaidia. Chunga kidole cha mkono wa kushoto kisiizibe.

Kujumlisha na kutoa

Kitufe cha pili kina alama ya + na −, kwa kawaida mahali fulani kwenye vile vitufe vinne vinavyouzunguka ule wa kukubali. Baadhi ya kamera zimekipa gurudumu lake dogo juu, upande wa kulia, lenye namba za −3 hadi +3. Kwangu hiki kina thamani kuliko gurudumu la modi lenyewe.

Sababu ni hii: kamera haijui inatazama nini. Inapima mwanga unaorudi kutoka kwenye mandhari na kudhani kwamba, ukichanganya kila kitu, wastani ni kijivu cha kati. Mara nyingi ni kweli. Lakini gauni jeupe likijaza picha, kamera inaona mwanga umezidi, inaupunguza, na gauni linatoka la kijivu. Koti jeusi likijaza picha, inaona giza, inaongeza mwanga, na koti linapauka. Ndiyo maana kanuni inaonekana kinyume: kitu cheupe unajumlisha, kitu cheusi unatoa.

Hatua zake ni za theluthi. +1 ni mwanga mara mbili, −1 ni nusu yake. Mtu mwenye ngozi nyeusi akisimama mbele ya ukuta mweupe au dirisha lenye jua, kamera inaufuata ukuta na uso unazama gizani. Weka +1, tazama kioo, ongeza ikibidi. Ukuta utaungua kidogo; na uungue, unampiga mtu. Uso huohuo ukiusogelea mpaka ujaze picha, mambo yanageuka: sasa kamera inajitahidi kuufanya kijivu cha kati, inaupausha, na ule mng'ao wa ngozi unapotea. Hapo toa theluthi moja au mbili. Kwa jua linalozama natoa moja nzima, kwa sababu ikiachwa kamera hulichapua anga mpaka wekundu wote unaisha.

Ukiwa na shaka, elemea upande wa giza kuliko upande wa mwanga. Sehemu iliyoungua ikawa nyeupe tupu haina kitu ndani yake tena, hasa kwenye faili la JPEG. Sehemu ya giza unaweza kuichapua baadaye kwenye kompyuta, ingawa na chenga zake, zile nukta nukta zinazochafua picha. Na usikiamini sana kioo ukiwa juani. Fungua histogramu, ile grafu yenye umbo la kilima: ikiwa imejirundika na kukatika ukutani upande wa kulia, mwanga umezidi.

Ukimaliza, rudisha kwenye sifuri. Kamera nyingi hukumbuka namba hiyo hata baada ya kuzimwa.

Na zile herufi nyingine?

A (au Av kwenye kamera za Canon) unachagua tundu, kamera inachagua kasi. Mafunzo mengi huisifia kwa kutia ukungu mandharinyuma, na kwenye kamera kubwa ni sawa. Kwenye kamera ndogo ahadi hiyo ina walakini. Kihisi kinachopokea mwanga katika kamera nyingi za mfukoni ni cha inchi 1/2.3, kama milimita 6.2 kwa 4.6 tu, wakati fremu ya filamu ya milimita 35 ni 36 kwa 24, yaani eneo lake ni kubwa takriban mara thelathini. Kwa kihisi kidogo hivyo lenzi nayo ni fupi sana, na kila kitu kinatoka wazi kuanzia mbele hadi nyuma hata ukiwa f/2.8. Ukiutaka ukungu wa nyuma, msogelee mtu, vuta zumu, na yeye umweke mbali na ukuta. Upande wa pili nao, kubana tundu hadi f/8 kwenye kihisi hicho kunaipunguzia picha makali badala ya kuiongezea. Kamera zenye kihisi cha inchi moja, milimita 13.2 kwa 8.8, kama Sony RX100 iliyotoka mwaka 2012 na ndugu zake, zina nafasi zaidi ya kucheza na A.

S (au Tv kwa Canon) unachagua kasi, na kwenye kamera ndogo hii ndiyo naitumia zaidi. 1/500 kwa anayekimbia. 1/4 juu ya stendi ya miguu mitatu kwa maji yanayotiririka, ukiyataka yatoke laini. Namba ya tundu ikigeuka nyekundu au ikimulikamulika, mwanga hautoshi kwa kasi uliyoiomba. Punguza kasi au pandisha ISO.

M naiacha kwa usiku, au ninapopiga picha kadhaa za kuunganisha na sitaki mwanga ubadilike kati ya moja na nyingine.

Alama za SCN, zile picha ndogo za aina za matukio, ni mapishi yaliyokwisha kutayarishwa, na ukishaelewa hayo ya juu utaona kilichomo. Mwanariadha ni kasi ya shata tu. Theluji na ufukwe ni kujumlisha mwanga tu. Fataki ni fokasi iliyofungwa mbali kabisa, ISO ya chini, na shata inayokaa wazi kwa sekunde kadhaa. Hii kwa kweli inafaa, ukiwa na stendi. Ninayoipendekeza kwa moyo mmoja ni ya mtu na nyota, picha ya mtu usiku: inapiga flashi kumulika mtu, kisha inaacha shata wazi taa za nyuma ziingie. Mwambie mtu wako asiondoke flashi ikishawaka.

Flashi yenyewe naiweka imezimwa, si otomatiki. Ya kamera ndogo inafika mita tatu au nne hivi. Kwenye uwanja au ukumbi mkubwa inamulika visogo vya waliokaa mbele yako tu. Ajabu yake inafaa zaidi mchana. Jua la utosini, mtu amevaa kofia, macho yamo kivulini: ilazimishe iwake na uso unafunguka. Ile ya kuzuia macho mekundu siipendi, kwa sababu inatangulia kumulika, watu wanadhani picha imeshapigwa na wanaanza kuondoka, ndipo inapigwa kweli.

Alama yenye picha ya ua ni kwa vitu vya karibu. Kamera ndogo nyingi zinaweza kulenga kwa sentimita chache tu kutoka kwenye lenzi, lakini zumu ikiwa haijavutwa. Ukivuta, umbali wa chini unaongezeka sana na kamera inakataa kulenga. Adui wako hapo ni kivuli cha kamera yenyewe, basi mwanga utoke pembeni. Alama ya mlima ni kinyume chake, kulenga mbali kabisa, na unafaa sana unapopiga kupitia kioo cha gari au ndege, ambapo kamera hupenda kulenga uchafu wa kioo.

Zumu ya dijitali izime kwenye menyu. Inakata katikati ya picha na kuikuza, kazi ambayo utaifanya vizuri zaidi nyumbani. Hata zumu ya lenzi ina gharama yake: lenzi ya f/2.8 ikiwa haijavutwa huweza kuwa f/5.6 au zaidi ikivutwa hadi mwisho, na hapo inaingiza robo tu ya mwanga. Ndani ya chumba, tembea. Kiwango cha juu cha ISO otomatiki nakifungia 800 kwa kihisi kidogo, maana juu ya hapo chenga zinakula nywele na nyusi. Ukiitumia stendi, zima kituliza mtikisiko na weka kipima muda cha sekunde 2, kidole kisiiguse kamera wakati shata inafunguka. Na tarehe isichapwe juu ya picha: imeshaandikwa ndani ya faili, ilhali ile ya rangi ya machungwa pembeni haifutiki.

Kama bado hujanunua, shika kamera mkononi kwanza utafute ile + na −. Ikiwa ina kitufe chake, vizuri. Ikiwa imefichwa ndani ya menyu ngazi ya tatu, hutaitumia, hata kama boksi limeandikwa pikseli milioni 20. Na ikiwa gurudumu lina C, hifadhi humo mipangilio yako: P, kulenga katikati, flashi imezimwa, ISO mwisho 800. Ukiichezea kamera au mtoto akiizungusha hovyo, unarudi C na kila kitu kiko mahali pake.